Kabla ya Mti, Tafuta Giza: Kupiga Picha za Miti kwa Infraredi

Picha nyingi za miti zilizopigwa kwa infraredi, mwanga ulio nje ya uwezo wa jicho, zinaugua ugonjwa mmoja: kila kitu ndani yake ni cheupe. Mti mweupe umesimama kwenye nyasi nyeupe, nyuma yake kichaka cheupe, na juu wingu jeupe. Anayeiona mara ya kwanza hushangaa. Akiirudia, jicho linakosa pa kutua. Kamera haina lawama hapo, wala filta. Mpigaji ameupenda mti kwa kijani chake, akausogelea, akabonyeza, kumbe kijani kile kilichoutenga mti na nyasi hakimo tena kwenye picha.

Mimi hupiga miti tu, karibu yote kwa infraredi. Natumia kamera kuukuu iliyofunguliwa ikawekewa kioo cha nanometa 720, na lenzi moja ya milimita 28 ambayo fokasi yake naizungusha kwa mkono. Nitaeleza vifaa, mipangilio na kazi ya kompyuta, maana bila hivyo hutoki. Lakini jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: usianze kwa kutafuta mti mzuri. Anza kwa kutafuta giza la kuuweka mbele yake.

Jani linavyogeuka jeupe

Jicho letu huona mwanga wa mawimbi yenye urefu wa nanometa 400 hivi hadi 700. Kihisi cha silikoni kilicho ndani ya kamera kinaendelea kuona mpaka karibu 1,100. Kuanzia 700 kwenda juu ndipo tunapofanyia kazi. Usichanganye na kamera za kupima joto. Hizo hutumia mawimbi marefu zaidi ya mara kumi, mikrometa 8 hadi 14, na vihisi vya aina nyingine kabisa. Nalitaja kwa sababu kila nikisimamisha stendi hakosi mtu wa kuniuliza kama mti una homa.

Kijani cha jani hutokana na umbijani, yaani klorofili, ambayo hufyonza mwanga wa buluu na mwekundu na kuacha kijani kidogo, takriban sehemu moja ya kumi, kirudi machoni. Ukivuka nanometa 700 umbijani huacha kufyonza, na kufikia 750 jani limeshakuwa kitu kingine. Mwanga unapenya ndani, unakutana na seli na mianya ya hewa iliyo kati yake, unapinda na kurushwa huku na huku, na karibu nusu yake hutoka tena upande uleule ulioingilia. Sehemu kubwa ya uliobaki hutokea upande wa pili. Ni kama chumvi: chembe moja hupitisha mwanga, lundo lake ni jeupe.

Kwa hiyo weupe huu hautokani na rangi ya jani, unatokana na ujenzi wake wa ndani. Jani changa la kijani cha limau na jani kongwe la kijani kizito hutoka karibu sawa. Hata majani mekundu au ya zambarau ya miti ya mapambo huwa meupe, kwa sababu rangi hizo nazo hazizuii infraredi. Jani lililonyauka au linaloumwa, ambalo seli zake zimeporomoka, hufifia. Watu wa misitu na kilimo huitumia tabia hiyohiyo kupima afya ya mimea kwa setilaiti, kazi iliyoshika kasi baada ya Landsat ya kwanza kurushwa mwaka 1972. Na kwa kuwa jani hupitisha mwanga mwingi, jani la chini hupokea ulioponyoka jani la juu na kuurudisha. Ndiyo maana mti wenye majani mazito, tabaka juu ya tabaka, huwaka kuliko mti mchanga wenye majani ya kuhesabika.

Miti haitoki sawa. Mwembe na miti mingine ya majani mapana ndiyo inayong'aa zaidi. Misonobari na mivinje ina sindano nyembamba zenye mapengo yanayotiliana kivuli, kwa hiyo hutoka kijivu, na hilo si baya: msonobari mmoja katikati ya miti ya majani mapana ni zawadi. Mianzi hung'aa vizuri lakini haitulii hata upepo ukiwa mdogo. Mbuyu uliopukutisha majani hauna cha kupata kutoka kwa infraredi; upige kwa kamera ya kawaida uondoke. Vumbi pia hufifisha majani, hivyo siku ninayoipenda ni ile inayofuata mvua, jua likiwa limerudi na hewa imeoshwa.

Aliyechapisha picha za namna hii mapema kabisa ni mwanafizikia Mmarekani Robert W. Wood, mwaka 1910, na kung'aa huku kwa majani kunaitwa athari ya Wood mpaka leo.

Giza liko wapi

Giza kubwa kuliko yote ni anga la buluu. Ubuluu wa anga ni mwanga wa jua uliotawanywa na hewa, na mtawanyiko huo hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi: mwanga wa nanometa 800 hutawanywa mara 16 pungufu ya ule wa 400. Anga safi linakuwa karibu jeusi, huku mawingu, yenye matone makubwa yanayotawanya mawimbi yote kwa usawa, yakibaki meupe. Weusi huo ni mzito zaidi ukilipa jua mgongo, na huzidi kadiri unavyoinua lenzi. Karibu na upeo wa macho anga hupauka. Utusitusi wa mbali unaofunika vilima nao hupungua sana. Ukungu mzito wa asubuhi haupungui, maana ule ni matone.

Giza la pili ni maji. Maji matulivu hufyonza infraredi, na juu ya hapo huakisi lile anga jeusi. Mti ulioinamia bwawa hukupa mti mweupe juu na mweupe mwingine chini, vyote kwenye weusi.

La tatu ni kivuli, na hapa inabidi uzoee kitu ambacho jicho halikuambii. Kivuli cha kawaida huangazwa na anga. Katika infraredi anga halina cha kutoa, kwa hiyo kivuli ni kizito kuliko unavyokiona. Lakini vivuli navyo vinatofautiana: kivuli cha jabali au ukuta ni cheusi kabisa, ilhali kivuli cha mti ni cha kijivu, kwa sababu majani yanavujisha mwanga. Ukitaka weusi wa kweli nyuma ya tawi, tafuta upande wa mlima ambao jua halijaufikia, au genge. Mengine ni madogo lakini yanasaidia: udongo wenye maji, mwamba uliolowa, njia ya lami, magome ya mti.

Sasa jinsi ya kuvitumia. Chukua mti mmoja uliosimama peke yake kwenye uwanda wa nyasi, picha ambayo kila mtu hutaka kuipiga. Ukisimama wima, nusu ya chini ya mti itaangukia kwenye nyasi, na nyasi ni nyeupe sawa na majani. Shuka. Weka kamera usawa wa goti au chini ya hapo, mpaka taji lote la mti liingie kwenye anga. Halafu zunguka mti hadi jua liwe nyuma ya bega lako moja, si nyuma ya kichwa: anga bado litakuwa jeusi, lakini upande mmoja wa mti utapata kivuli chake na mti utaonekana una unene. Shina likiwa kwenye kivuli litakuwa mstari mweusi unaounganisha weupe wa juu na weupe wa chini. Duara la kivuli chini ya mti ndilo pekee linaloonyesha mti umesimama wapi, usilikate.

Safu ya miti barabarani ina mtego wake. Ukiitazama kutoka upande unaopigwa na jua, miti yote inaungana kuwa ukuta mmoja mweupe. Nenda mwisho wa safu, utazame kwa urefu wake, ili kivuli cha kila mti kiingie kati yake na mwenzake.

Msituni watu hukata tamaa mapema, wakidhani infraredi ni ya anga na mawingu tu. Mimi huko ndiko ninakopapenda. Ingia ndani kwenye kivuli, ugeuke utazame nje, kwenye uwazi unaopigwa na jua. Majani ya kule nje yatakuwa meupe, mashina yaliyo karibu nawe yatakuwa meusi, na picha yote itasimama juu ya mistari ya mashina. Hapa mpangilio umegeuzwa: nyuma ni nyeupe na mbele ndiko kuna giza. Mti mkavu uliokufa mbele ya msitu hai hufanya kazi hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba jicho halikusaidii kuyaona haya yote. Linaendelea kuona kijani. Kama kamera yako inaonyesha picha kwenye skrini kabla ya kupiga, iweke kwenye mtindo wa nyeusi na nyeupe huku ukihifadhi faili la RAW, yaani faili ghafi la kihisi. Faili litabaki na rangi zote, lakini utakachokiona kwenye skrini ni weupe na weusi tu. Tembea nayo mkononi bila kupiga. Elekeza kwenye kichaka, kwenye dimbwi, kwenye ukuta, mpaka uanze kubashiri kabla ya kuinua kamera.

Kamera na filta

Kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza ni kufunga filta ya infraredi mbele ya lenzi ya kamera ya kawaida. Inayojulikana zaidi ni Hoya R72, ambayo huzuia karibu mwanga wote unaoonekana na kupitisha kuanzia nanometa 720 hivi. Ugumu ni kwamba watengenezaji wa kamera huweka mbele ya kihisi kioo kinachozuia infraredi, ili rangi za kawaida zisiharibike. Kwa hiyo filta yako inazuia huku na kioo kile kinazuia kule, na kinachofika kwenye kihisi ni kidogo mno. Jua kali la mchana linaweza kukudai sekunde kadhaa hadi nusu dakika kwa f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga).

Kabla ya kununua filta, jaribu kamera yako kwa rimoti ya televisheni. Elekeza taa ya rimoti kwenye lenzi, bonyeza kitufe, tazama skrini. Taa hiyo hutoa infraredi ya takriban nanometa 940. Ukiona nukta angavu, kamera inapitisha kiasi fulani na njia hii itakufaa. Usipoona kitu, jaribu rimoti nyingine kwanza, maana za siku hizi baadhi hutumia redio. Baadhi ya kamera za zamani zina kioo hafifu. Leica M8 ya mwaka 2006 inajulikana kwa hilo: vitambaa vyeusi vya sintetiki vilitoka na rangi ya zambarau, kero kwa wapiga harusi lakini neema kwetu.

Kwa njia hii utahitaji stendi, na utahitaji kupanga picha kabla ya kufunga filta, kwa sababu kwenye kamera yenye kioo cha ndani (DSLR, ambayo kioo hicho huakisi picha kwenda kwenye kitundu cha kutazamia) hutaona kitu tena ukiangalia kwenye kitundu chake. Kifunike kitundu hicho wakati shata iko wazi, la sivyo mwanga utavujia nyuma. Na majani yatatikisika. Watu wengine hupenda ule ukungu wa majani yaliyosogea. Mimi hupendelea kusubiri upepo utulie, au kuchagua mti wa majani magumu.

Onyo ambalo halina mjadala: usitazame jua kupitia filta hii. Inaonekana nyeusi, hivyo mboni ya jicho hutanuka, lakini infraredi inapita yote na inaweza kuunguza jicho bila wewe kusikia maumivu.

Njia ya pili ni kubadilisha kamera yenyewe: fundi anatoa kile kioo cha kuzuia na kuweka cha infraredi mahali pake. Hapo unapiga kwa mkono, kwa sehemu ndogo ya sekunde, kama kawaida. Kamera hairudi tena kwenye picha za rangi za kila siku, kwa hiyo toa sadaka ile kuukuu iliyokaa kabatini. Isiyo na kioo cha ndani cha kuakisi (mirrorless) ni bora kwa sababu unaona infraredi yenyewe kwenye skrini, na fokasi inapimwa juu ya kihisi chenyewe. Usiifungue nyumbani, hasa kamera ndogo zenye flashi. Kapasita ya flashi huhifadhi umeme wa mamia ya volti hata kamera ikiwa imezimwa.

Fundi atakuuliza unataka kioo cha nanometa ngapi. Kwa majani maswali ni mafupi. Kioo cha 590 au 665 kinaruhusu mwanga mwekundu uingie, na majani hupata rangi za dhahabu au njano. Wengi huvutiwa nazo, mimi huzichoka haraka. Cha 720 kinaacha rangi kidogo tu, za kutosha kupata anga la buluu baadaye, na kinageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe bila shida. Cha 830 au 850 ni cha nyeusi na nyeupe peke yake, na anga lake ni jeusi kuliko mengine yote. Sababu iko kwenye kihisi. Juu ya kila pikseli kuna rangi nyekundu, kijani au buluu. Karibu na 720 ile nyekundu hupitisha zaidi kuliko wenzake, hivyo bado kuna tofauti ya kutengeneza rangi. Kufika 830 zote tatu hupitisha karibu sawa, na rangi imekwisha. Kama huna uhakika, chukua 720. Kuna pia wanaoweka kioo kisichozuia chochote na kubadilisha filta mbele ya lenzi. Ni sawa kwa mtu anayependa kufungua na kufunga.

Filamu zipo bado. Rollei Infrared 400 huona hadi karibu nanometa 820. Ilford SFX 200 inaishia karibu 740, kwa hiyo nyuma ya R72 inabakiwa na mwanga mwembamba sana. Ile Kodak HIE ambayo picha zake zilitufundisha wengi iliachwa kutengenezwa mwaka 2007. Ule mng'ao wa kusambaa kuzunguka majani, ambao watu huuhesabu kuwa ndio infraredi yenyewe, ulikuwa wa filamu hiyo: haikuwa na tabaka la nyuma la kuzuia mwanga usirudi na kusambaa. Kamera ya dijitali haina mng'ao huo, na sioni sababu ya kuubandika kwa programu.

Fokasi, tundu na kiasi cha mwanga

Lenzi huipinda infraredi kidogo kuliko mwanga wa kawaida, hivyo fokasi huangukia mahali tofauti. Kwenye lenzi za zamani utakuta nukta nyekundu, mstari mwekundu au herufi R pembeni ya alama kuu ya umbali. Fokasi kama kawaida, kisha hamisha namba ile ya umbali iende kwenye alama nyekundu. Kwenye kamera isiyo na kioo cha ndani huna haja ya hesabu hiyo. Kuza picha kwenye skrini, tafuta ukingo wa jani dhidi ya anga, zungusha mpaka ukingo huo uonekane mkali.

Tundu langu la kawaida ni f/8. Linafunika makosa madogo ya fokasi. Kuliziba zaidi ya f/11 kunalainisha picha mapema kuliko ulivyozoea, kwa sababu mwanga wa mawimbi marefu husambaa zaidi unapopita kwenye tundu dogo, na majani madogo ndiyo ya kwanza kupotea.

Kipima mwanga cha kamera yenye kioo cha ndani kinapima mwanga unaoonekana, ilhali wewe unapiga usioonekana, na uwiano wa hivyo viwili hubadilika kwa saa na kwa hali ya anga. Usikiamini. Piga, tazama histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga) ya chaneli tatu, nyekundu, kijani na buluu, zikiwa mbalimbali, na uiangalie nyekundu: kwa filta ya 720 ndiyo inayojaa kwanza. Histogramu ya jumla itakuambia kuna nafasi wakati majani yameshaungua kwenye nyekundu. Mimi hupiga tatu kila mara, moja ikiwa chini kwa hatua moja na moja juu, halafu ninabaki na ile angavu zaidi ambayo majani yake bado yana mishipa. Vivuli vya infraredi ukivifungua baadaye kwenye kompyuta hutoa chenga nyingi, kwa hiyo usipige giza kwa hofu.

Kuhusu saa, sahau ushauri wa alfajiri na machweo. Jua la kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, lile ambalo wapiga mandhari hulikimbia, ndilo letu, maana linaingia ndani ya taji la mti na anga linakuwa jeusi kwelikweli. Jua la chini nalo lina infraredi ya kutosha na hukupa vivuli virefu vya kutenganisha nyasi. Siku ya wingu zito ndiyo ya kubaki nyumbani. Majani bado yatakuwa meupe, ila anga ni jeupe pia, vivuli hakuna, na umerudi kwenye ule ugonjwa niliouanza nao.

Doa la katikati

Lenzi nyingine, hata za gharama, huweka doa la duara lenye mwanga katikati ya picha. Rangi zilizopakwa kwenye vioo vyake ili kupunguza mng'ao zilitengenezwa kwa mwanga unaoonekana. Infraredi hugongana ndani na kurudi kwenye kihisi. Doa huzidi kadiri unavyoziba tundu. Bei haikuambii chochote hapa, wala ukali wa lenzi kwenye picha za kawaida.

Ipime lenzi yako kabla ya safari. Elekeza kwenye anga safi au ukuta wa rangi moja, piga kila tundu kuanzia lililo wazi kabisa hadi f/16, kisha zitazame picha zikiwa ndogo ndogo kwenye skrini na uongeze ukali wa weusi na weupe. Doa kama lipo litajitokeza. Mara nyingi utagundua lenzi ni nzima mpaka f/5.6 na inaharibika f/11. Basi hiyo ndiyo mipaka yake. Lenzi za kuvuta zinaweza kuwa safi upande mmoja wa mvuto na kuwa na doa upande mwingine. Kikinga jua cha mbele ya lenzi kisaidie pia, maana jua la pembeni huongeza tatizo.

Rangi na kompyuta

Picha ya 720 ikitoka kwenye kamera huwa nyekundu tupu. Tiba inaanzia hapohapo nje: weka mizani ya rangi kwa mkono, ukitumia majani au nyasi zinazopigwa na jua kama ndicho kitu cheupe. Jaza fremu nzima kwa nyasi, piga, mwambie kamera hiyo ndiyo kipimo. Skrini itageuka: majani meupe, anga la kahawia.

Kwenye kompyuta utakutana na ukuta. Programu nyingi za RAW hazishuki chini ya Kelvini 2,000 kwenye kipimo cha joto la rangi, na infraredi inahitaji chini zaidi ya hapo, kwa hiyo ukifungua faili, wekundu unarudi. Kama unatumia Lightroom, tengeneza profaili ya kamera yako kwa DNG Profile Editor ya Adobe: fungua sehemu ya matriki za rangi, vuta joto la rangi hadi mwisho wa kushoto, hifadhi, halafu itumie kwa picha zote. Ni kazi ya mara moja. Programu ya bure ya darktable inazidisha kila chaneli peke yake, hivyo unaweza kugusa jani na ikakubali.

Lile anga la kahawia hugeuzwa kuwa buluu kwa kubadilishana chaneli. Kwenye kichanganya chaneli cha GIMP au Photoshop, chaneli nyekundu ipe nyekundu 0 na buluu 100, chaneli ya buluu ipe nyekundu 100 na buluu 0, kijani usikiguse. Anga linageuka, majani yanabaki meupe au yanapata rangi hafifu ya njano, ambayo mimi huishusha nusu.

Kwa picha za nyeusi na nyeupe, ambazo ndizo ninazobaki nazo mwishoni mara nyingi, usibonyeze tu kitufe cha kuondoa rangi. Zitazame chaneli moja moja. Nyekundu ndiyo yenye chenga chache na majani safi. Ya buluu ina anga jeusi zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wake ni wa mawimbi marefu ambayo hewa haiyatawanyi, lakini ina chenga zaidi. Mimi huanza na nyekundu kwa sehemu kubwa, kisha naongeza buluu kidogo kidogo mpaka anga litulie.

Baada ya hapo jizuie. Kishawishi ni kusukuma weupe mpaka mwisho, kwa kuwa "infraredi lazima iwake". Kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), jani lenye thamani ya 255 ni karatasi tupu. Weka majani yaliyo angavu zaidi karibu 240, na sehemu kubwa ya taji iwe kati ya 180 na 220, ili mishipa, kingo na tabaka zionekane. Kitakachoufanya mti uonekane mweupe ni giza lililo nyuma yake, kama ulilitafuta. Ukali wa kingo uongeze kidogo tu. Matawi membamba dhidi ya anga jeusi hupata mstari mweupe wa kuudhi upesi sana, na ukishauona hutaacha kuuona.

Ukichapisha, fanya jaribio la kipande kidogo kwanza, chenye taji la mti na anga pamoja. Karatasi isiyong'aa humeza weusi, na anga uliloliacha na thamani ya 15 kwenye skrini linaweza kutoka sawasawa na shina la mti lililo mbele yake. Liinue anga hadi 30 hivi, shina libaki chini, uchapishe kipande tena.